Mtoto Akizidi Wenzake Mbio: Tuliyopitia Sisi Queensland

Tangu Desemba 2024 wazazi wenzangu hawaachi kuniuliza. Mama wa Kikongo wa Logan, baba wa Kirundi wa Toowoomba, Msudani Kusini aliyejifunzia Kiswahili kambi ya Kakuma, Kenya, kila mmoja ana lake lakini swali ni lile lile: "Mama, tunasikia binti yako ana mbio. Na wangu anazo. Nianzie wapi?" Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka kujirudia. Naandika mara moja, anayetaka asome.

Kilichowaamsha wote ni Gout Gout. Wazazi wake, Bona na Monica, walitoka Sudan Kusini, wakapitia Misri, wakafika hapa jimbo la Queensland, Australia. Yeye alizaliwa Ipswich, mji huu huu tunaoishi sisi, tarehe 29 Desemba 2007. Alisoma Ipswich Grammar, na huko kocha Di Sheppard akamwona akikimbia angali mdogo, akamshika mkono. Tarehe 7 Desemba 2024, katika mashindano ya shule za Australia nzima kwenye uwanja wa QSAC, kusini mwa Brisbane, alimaliza mita 200 kwa sekunde 20.04. Alikuwa na miaka 16. Rekodi ya taifa hadi asubuhi ile ilikuwa 20.06 ya Peter Norman, yule Mwaustralia aliyesimama jukwaani kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 pamoja na Wamarekani Tommie Smith na John Carlos waliponyanyua ngumi kupinga ubaguzi wa rangi. Miaka 56 wanaume wazima wameikimbiza namba hiyo bila kuifikia, ikaja kuondolewa na mwanafunzi mbele ya wanafunzi wenzake. Usain Bolt mwenyewe, alipokuwa na miaka 16, alikuwa na 20.13.

Tulikwenda kutazama, mimi na binti yangu. Yeye alikuwa ameshaweka rekodi yake ndogo mwaka ule ule, nitaieleza. Nilichokiona mimi ni kijana mrefu anayekimbia wima kama anayechungulia juu ya ukuta, na kwamba mita 100 za mwisho wenzake walikuwa wanapungua, yeye hapungui. Binti yangu alichokiona ni namba kwenye ubao. Aliniuliza hapo hapo: "Mama, upepo ulikuwa ngapi?" Ulikuwa mita 1.5 kwa sekunde, halali. Nilifurahi, maana mwaka mmoja nyuma hakuna mtu nyumbani kwetu aliyejua kwamba upepo unapimwa.

Nieleze tulikotoka. Mimi nilizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, nikavushwa Ziwa Tanganyika nikiwa mtoto wakati wa vita vya 1996, nikakulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Nikaolewa pale, nikazaa pale. Binti yangu alizaliwa kambini Novemba 2009, tukaja Australia mwaka 2016. Sasa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, baba yao yuko kiwanda cha nyama. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa viatu vya spaiki, vile vya mbio vyenye meno chini. Kwa hiyo kila kitu tulijifunza tukiwa tayari tumo ndani.

Mwaka 2023, siku ya michezo shuleni, binti yangu alikimbia mita 200 kwenye nyasi, mwalimu akapima kwa saa ya mkononi: 24.6. Baba yake alilibeba hilo mpaka kanisani. Jumapili mchungaji akamwita mtoto mbele, akaombewa, mzee mmoja akasimama akatabiri Olimpiki ya Brisbane 2032. Shangwe ilikuwa kubwa. Wiki chache baadaye akaenda mashindano ya kanda, uwanja wa raba, saa ya umeme, akatoka na 25.38. Alilia ndani ya gari hadi nyumbani, na kanisani wakaanza kuuliza kwa upole, "Mtoto anaumwa?"

Hakuwa anaumwa. Saa ya mkononi ina udanganyifu wake. Anayebonyeza anachelewa kidogo kuanza, na kwenye mita 200 ndiyo mbaya zaidi kwa sababu watoto wanaanzia upande wa pili wa uwanja. Mpimaji akisubiri kusikia mlio wa bastola badala ya kutazama moshi au taa, sauti inamfikia wakati mkimbiaji ameshaondoka. Ndiyo maana kanuni huongeza 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 na 200 kabla ya kuulinganisha na wa umeme. Hapo bado hujauliza nani alipima zile nyasi, kwa kamba gani. Mtoto wako akirudi na muda wa ajabu kutoka siku ya michezo, furahi naye, mpikie anachopenda, halafu usubiri muda wa saa ya umeme kabla ya kutangaza popote.

Na upepo. Ukisukuma mgongoni kwa zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde, ushindi unabaki lakini muda hauhesabiwi kwenye rekodi. Kwenye mita 200 wanapima kwa sekunde 10 kuanzia mkimbiaji wa kwanza anapoingia sehemu iliyonyooka. Gout amelipa kodi ya upepo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwenye mashindano yale yale ya Desemba alikimbia mita 100 katika mchujo kwa 10.04, watu wakaruka, kumbe upepo ulikuwa 3.4. Fainali akapata 10.17 halali, na hiyo ndiyo iliyobaki kwenye vitabu. Aprili 2025 kule Perth akakimbia mita 200 kwa 19.84. Upepo: 2.2. Sehemu mbili za kumi ndizo zilizomnyima. Muda wake rasmi ukabaki 20.04 hadi Juni alipopata 20.02 kule Ostrava, Ulaya. Septemba, mashindano ya dunia Tokyo, akaishia nusu fainali kwa 20.36, na kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akaandika, "Kijana ameisha." Alikuwa na miaka 17, bado mwanafunzi, amefika nusu fainali ya dunia ya watu wazima, ameisha vipi? Mzazi asiyeelewa namba ndiye anayempandisha mtoto mbinguni Jumapili na kumzika Jumatatu.

Rekodi ya binti yangu ilikuja 2024, mashindano ya kanda, mita 200 wasichana wa miaka 15: 24.91, upepo 1.1. Si ya dunia wala ya jimbo. Ni rekodi ya shule za kanda yetu, ilikuwepo miaka mingi, na jina lililokuwapo lilikuwa la mtu ambaye sasa ni mama wa watoto. Nasema hivyo ili wanaoniita "mama wa bingwa" wapunguze.

Hapo ndipo tulipokutana na suala la umri, na hapa naomba wakimbizi wenzangu mnisikilize vizuri.

Siku ya pili yake tuliletewa barua pepe kwamba kuna aliyeuliza umri wa mtoto, tupeleke uthibitisho. Nilisoma mara tatu nikitafuta wametuandikia kwa adabu au kwa dharau. Ilikuwa kwa adabu. Lakini najua kilichoonekana kwenye fomu zetu: baba amezaliwa tarehe 1 Januari, mama 1 Januari, kaka mkubwa 1 Januari. Sisi tunajua maana yake. Wazazi wetu hawakuandika tarehe, afisa wa usajili akaandika ile ya kwanza ya mwaka akaita familia inayofuata. Mtu wa hapa akiona, anaona familia inayocheza na tarehe.

Kilichotuokoa ni kadi ya kliniki. Nilipojifungua Nyarugusu nilipewa kadi, ikajazwa tarehe, uzito wa kuzaliwa, chanjo, uzito wa kila mwezi, mhuri juu ya mhuri. Niliisafirisha ndani ya ule mfuko wa plastiki wa IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha, ule tulioukumbatia viwanja vyote vya ndege kama mtoto mchanga, na sikuwahi kuutupa. Tukaipiga picha kadi pamoja na cheti cha uandikishaji, tukatuma. Jambo likaisha kimyakimya, rekodi ikabaki. Hakuna aliyeomba radhi na sikungoja. Binti yangu lakini aliumia. Alikaa wiki nzima hataki kwenda mazoezini, akisema, "Hata nikishinda, wanasema ni mzee." Nilimwambia ukweli: wengine watasema hivyo hata akionyesha kadi, na kazi yetu ni kuwa na karatasi, ya midomo yao hatuiwezi.

Kwa hiyo: kama tarehe ya mtoto wako kwenye visa au uraia si ya kweli, anza kuishughulikia sasa, kabla hajajulikana. Kubadilisha tarehe kwenye nyaraka za serikali ni kazi ndefu, wanataka ushahidi wa zamani, na ukianza baada ya mtoto kuvunja rekodi utaonekana unatengeneza. Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, karatasi za UNHCR. Na wale wawili walioninong'oneza kama inawezekana "kumpunguza kidogo" mtoto: haiwezekani, na mkifanya mtatuchafua sote.

Kuna upande mwingine wa umri ambao hauna uhusiano na wakimbizi. Mashindano mengi hugawa watoto kwa mwaka wa kuzaliwa. Gout alizaliwa Desemba 29. Angechelewa siku tatu angehesabiwa wa 2008. Maana yake kila mara alikimbia na watoto waliomzidi karibu mwaka mzima huku wanaitwa rika moja. Wangu ni wa Novemba, hali ni hiyo hiyo. Kwa wasichana na wavulana wa miaka 12 au 13 mwaka mmoja ni mwili mwingine kabisa. Mtoto wa mwisho wa mwaka anayeshika nafasi ya tano usimtoe. Na wa Januari anayewaacha wote akiwa na miaka 12, usianze kumtafutia meneja.

Fedha. Watu hudhani mbio ni bure kwa sababu ardhi ni bure. Mwanzoni tulisaidiwa na vocha ya serikali ya Queensland, FairPlay, hadi dola 150 kwa mtoto, kwa familia zenye kadi ya Health Care (kadi ya wenye kipato kidogo), ikalipia uandikishaji wa klabu. Ulizeni mpango wa vocha uliopo mwaka wenu, majina hubadilika. Spaiki nzuri zilitula karibu dola 200, na mguu ulikua tukanunua tena. Lakini fedha kubwa haiko kwenye viatu. Mtoto akichaguliwa timu ya kanda au ya jimbo kuna mchango wa timu: sare, malazi, usafiri, na barua inataka jibu ndani ya siku chache. Mara ya kwanza tulikopa kwenye kibati cha kina mama, ule mchezo wa kuchangiana fedha. Baadaye nikagundua kwamba shule huwa zina njia ya kulipa kidogo kidogo, ila hawatangazi. Unakwenda ofisini unauliza. Hesabu pia zamu unazozikataa. Mashindano ni Jumamosi asubuhi, mimi natoka kazini saa moja, naendesha gari moja kwa moja, nalala kwenye kiti cha nyuma kati ya mchujo na fainali.

Baada ya rekodi ilikuja shule moja ya kulipia ikatupa ufadhili. Sitaitaja. Barua ilikuwa nzuri, karatasi nene, baba yake akataka kusaini siku ile ile. Tulipokaa na kaka wa kanisani anayefanya kazi ya uhasibu, akatuonyesha: wanasamehe nusu ya ada. Nusu nyingine ni yetu, na juu yake koti la shule, kofia, kompyuta, safari. Halafu kipengele kimoja kinasema ufadhili utaangaliwa upya kila mwaka kulingana na ushiriki wa mtoto katika michezo. Tukauliza: akiumia mwaka mzima je? Kwa mdomo walisema tusiwe na wasiwasi. Tukaomba waandike. Kilichoandikwa hakikujibu swali, basi tukashukuru, tukakataa, akabaki shule yake ya serikali. Najua watoto waliokubali ufadhili wa namna hiyo na wamefanikiwa. Kwetu hesabu haikukaa, na sikutaka mtoto wa miaka 15 akimbie akijua kwamba dawati lake limening'inia kwenye msuli wa paja.

Msuli wenyewe ulikatika Februari 2025. Si kukatika kabisa, ulichanika kidogo nyuma ya paja la kushoto, akitoka kwenye kona. Alikuwa na makocha watatu: wa shule, wa klabu, na mwingine wa kulipwa kwa saa ambaye mjomba wake alimletea kama zawadi. Wote watatu ni watu wazuri na kila mmoja alimpa mazoezi ya kasi ya wiki nzima, bila kujua kuna wengine wawili. Mtoto mwenyewe hasemi, anaona akikataa moja atakuwa amemdharau mkubwa. Hiyo ndiyo malezi yetu, na uwanjani inaweza kumvunja. Mtaalamu wa fizio, yaani tiba ya viungo, alipouliza ratiba nikamwandikia kwenye karatasi, akaitazama, akaweka kalamu chini.

Siku hizi kocha ni mmoja, wa klabu, na wa shule akimtaka anampigia yeye kwanza. Mjomba alikasirika miezi miwili. Siku za kasi ni mbili au tatu kwa wiki, haziandamani. Kupona kulichukua muda mrefu kuliko nilivyoambiwa na watu wa nyumbani, ambao dawa yao ni kuchua kwa mafuta ya moto. Msuli uliochanika usiuchue siku za kwanza, unauongezea damu. Tulikwenda polepole: kutembea, mazoezi ya nguvu ya nyuma ya paja, kukimbia nusu kasi, na kasi kamili mwisho kabisa, fizio alipoona miguu yote miwili ina nguvu sawa. Yeye alitaka kurudi mapema kwa ajili ya mashindano ya wilaya. Tuliyakosa. Akalia, akala, akalala.

Kuna jambo la wasichana ambalo kina baba watanisamehe. Katikati ya 2024 alikuwa anachoka ovyo, kona ya kwanza tu pumzi imekwisha. Nilidhani ni simu usiku. Daktari alipima damu, akakuta akiba ya madini ya chuma iko chini kabisa. Hedhi nyingi, mazoezi mengi, na mlo wa shule wa chipsi. Tulibadilisha sahani: dagaa, maharage, sombe (kisamvu), nyama nyekundu mara kadhaa, limao juu ya mboga. Na chai nikaiondoa mezani. Sisi tunakunywa chai ya rangi na kila chakula, na chai inazuia mwili kuchukua chuma. Inywewe baadaye kidogo. Vidonge alipewa na daktari. Msimpe mtoto vidonge vya chuma kwa kubahatisha, vikizidi ni sumu.

Vazi nalo lilizua maneno kanisani, zile kaptura za kubana. Kanuni inaruhusu taiti ndefu hadi magotini, akavaa hizo, maneno yakaisha. Msipoteze nguvu hapo.

Dawa zilizokatazwa michezoni ndilo eneo linaloniogopesha hadi leo. Kijana mmoja, Issam Asinga, mama yake ni Mzambia aliyekuwa mkimbiaji, baba Msuriname. Julai 2023, ametoka tu shule ya sekondari Florida, akakimbia mita 100 kwa 9.89 kule São Paulo. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyewahi kukimbia hivyo. Kipimo chake kikakutwa na dawa iitwayo GW1516, akafungiwa miaka minne, rekodi haikuidhinishwa. Yeye anasema ilitoka kwenye peremende za virutubisho alizopewa, waliomhukumu hawakukubali. Mwingine, Erriyon Knighton wa Tampa, alisaini mkataba wa kulipwa akiwa na miaka 16, akavunja rekodi za vijana za Bolt katika mita 200, akapata medali za dunia. Mwaka 2024 akakutwa na trenboloni, dawa ya kukuza misuli. Akasema ni mkia wa ng'ombe aliokula. Msuluhishi wa kwanza akamwamini. Septemba 2025 mahakama ya michezo ikamfungia miaka minne. Nilisoma habari ile nikiwa jikoni na mkia wa ng'ombe uko motoni, nikazima jiko nikakaa. Omanyala wetu wa Kenya naye, kabla ya kukimbia mita 100 kwa 9.77 kule Nairobi mwaka 2021, alishafungiwa miezi 14 kwa sababu ya dawa ya maumivu ya mgongo.

Sijui nani kati yao alionewa. Ninachojua ni kwamba kanuni haiulizi nia yako kwanza. Kilichokutwa mwilini ni chako, na mzigo wa kueleza kilifikaje ni wako. Kwetu sheria ni hizi: hakuna unga wa protini, hakuna peremende za nguvu hata zikitolewa bure uwanjani, hakuna mizizi aliyotuma bibi kutoka Uvira hata kama bibi atanuna. Dawa ya kikohozi tunaitafuta kwanza kwenye programu ya simu ya Sport Integrity Australia, chombo cha serikali kinachopambana na dawa michezoni. Na dripu, ambayo watu wetu wanaipenda mno: kuwekewa maji ya mshipani zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali ni kosa, hata kama ndani yake ni vitamini tupu. Mwambie daktari mapema kwamba mtoto anashindana.

Mwisho ni watu wenye mikataba. Gout alisaini na Adidas mwaka 2024 akiwa shuleni, na anayemsimamia ni James Templeton, yule yule aliyemsimamia David Rudisha, bingwa wa Kenya wa mita 800. Mtu anayejua kijana anahitaji miaka, si miezi. Wanaokuja kwa watoto wa kiwango cha wangu ni wa aina nyingine. Tumepata barua pepe za mawakala wanaoahidi chuo Marekani, "nafasi chache zimebaki," lipa kwanza ndipo wamtangaze. Kocha wetu, mzee aliyeona mengi, hutusimulia habari za Houston McTear, mtoto wa familia maskini ya Florida. Mei 1975, bado mwanafunzi, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.0, sawa na rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata akafuzu kwenda Olimpiki ya Montreal, msuli wa paja ukamzuia. Muhammad Ali akamsaidia, watu wakamzunguka. Miaka ya baadaye alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya akilala ufukweni Santa Monica. Alikuja kupata maisha tena Sweden, akafia huko 2015. Mzee akimaliza hugeukia wazazi, si watoto, na kuuliza: "Alipoumia, nani kati yao alikuwa na namba ya simu ya mama yake?"

Kuhusu Marekani tumefanya hili tu: tumeangalia masomo. NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, kwa hiyo alipochagua masomo ya Grade 11 hesabu, Kiingereza na sayansi vilibaki. Makocha wa vyuo wenyewe wana tarehe ya kuruhusiwa kumwandikia mtoto, na hawamtozi mzazi hata senti. Anayekutoza si kocha wa chuo.

Mwaka 2026 binti yangu ameamua kujaribu mita 400. Kocha amekubali, baba yake anaomboleza ile rekodi kana kwamba imefariki, mimi nimeuliza tu kama atahitaji viatu vingine. Nimeambiwa ndiyo. Zile spaiki za mwaka jana, namba 39, bado nzima. Mwenye mtoto anayeanza aje achukue jioni yoyote isipokuwa Jumatano, siku hiyo tuko uwanjani.